Joto la Kwapani

Koleta alikaa wiki saba kwenye uwanja wa ndege wa Tabora bila kumpima mtu hata mmoja, na si kwa uvivu.

Mwaka huo, 1947, zilikuja habari kwamba ndui imezuka huko kaskazini, na wakubwa wa Tanganyika wakaingiwa na hofu kwamba ugonjwa ungepanda ndege. Waraka ukaja: kila abiria atakayeshuka apimwe joto la mwili, na atakayezidi digrii mia za Farenhaiti azuiwe karantini siku kumi na nne. Daktari wa Serikali pale Tabora, Mwingereza mrefu aliyetembea ameinama kidogo kana kwamba kila mlango ni mfupi, aliusoma mara mbili akaona tatizo ambalo wakubwa wake hawakuliona. Ndani ya ndege watakuwamo wanawake wa Kizungu. Nani atawapima? Dresa, muuguzi msaidizi wa kiume, hawezi. Ndipo akamkumbuka mwanamke mmoja wa mtaa wa Mtendeni, mke wa seremala, aliyefundishwa uuguzi na masista huko Nzega, anayejua kusoma, kuandika na kuchemsha sindano.

Koleta akaitwa. Akapewa gauni jeupe, kipimajoto kimoja, chupa ya spiriti, bunda la fomu, na kiti cha kukalia kwenye kivuli cha ghala. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alijivunia kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema.

Jumatano ya kwanza alishuka memsahib mmoja, bibi wa Kizungu. Koleta akamwamkia, akatoa kipimajoto. Memsahib akakichukua kutoka mkononi mwake, akasema atajipima mwenyewe, akakitia kinywani, akakisoma, akasema, "Tisini na nane," akamrudishia. Mabwana wawili waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Daktari alipoelezwa, alifikiri kidogo akasema si neno: Wazungu watajipima, Koleta ataandika. Tangu hapo kila Jumatano ndege ilileta watu watatu au wanne, na wote walikuwa tisini na nane. Bwana mmoja alijipima huku anatetemeka mpaka meno yanagonga kioo. Tisini na nane. Koleta akaandika.

"Leo umepima nani?" mumewe Ambrosi alikuwa akimwuliza jioni, huku anapukuta vumbi la mbao nyweleni.

"Nimeandika tisini na nane mara nne."

"Pole. Kazi nzito."

Kutoka Mtendeni mpaka uwanjani palikuwa na mwendo wa saa nzima, na sehemu ya mwendo huo ilifuata njia ya zamani ya misafara. Misafara yenyewe ilikwisha zamani, lakini njia haikuwa na habari hiyo. Waha walipita kwa makundi wakienda kutafuta kazi ya mkonge, wauza samaki wakavu wakatoka Malagarasi, wachuuzi wa chumvi wasiotaka kulipa nauli ya treni wakaja na mizigo kichwani. Wote walisimama kunywa maji kwenye kisima kilichokuwa karibu na uwanja, wakakohoa, wakalala kidogo, wakaingia mjini. Asubuhi moja Koleta aliwahesabu, akafika mia na arobaini kabla ya kuchoka. Akamweleza Daktari.

"Waraka unahusu ndege," alisema Daktari kwa upole.

Wiki ya nane alishuka Maniben.

Maniben alikuwa mama mzee wa Kihindu, shangazi yake Kanji, mwuza nguo wa mtaa wa Kanyenye. Yeye ndiye aliyemlea Kanji tangu mama yake alipofariki. Binti wa Kanji, Jasoda, alikuwa anaolewa Ijumaa. Ndugu wote walikuja kwa treni, lakini Kanji aliapa kwamba shangazi yake atatoka Mwanza kwa ndege, na neno hilo alilisema kila duka mpaka likachosha. Hakuna mtu wa Kanyenye aliyewahi kushuka kutoka angani. Siku hiyo alikuja kumpokea na ukoo mzima, wote wakisimama nje ya kizuizi na mashada ya maua.

Tatizo ni kwamba Kanji alimwandikia shangazi yake kuwa huko juu kuna baridi kali. Basi Maniben alivaa sari mbili, moja juu ya nyingine, soksi za sufu, na shali nzito ya kutandikia kitanda. Alikuwa amefunga tangu alfajiri kwa nadhiri ya harusi, hata maji hakunywa. Ndege ilikuwa ndogo, ya bati, na ilifika saa saba mchana jua likiwaka. Alishuka uso mwekundu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, amekumbatia kikapu chake.

Mabwana watatu waliotangulia walikuwa wameshajisomea tisini na nane zao wanangoja gari.

"Shikamoo, Mama," alisema Koleta. "Tafadhali fungua kinywa."

Maniben akakitazama kipimajoto. "Hiki kimeingia vinywa vya nani?"

"Vya abiria, Mama. Nimekipangusa kwa spiriti."

"Abiria gani?"

"Wazungu."

"Wanaokula ng'ombe." Akafunga kinywa, kisha akakifungua kwa ajili ya maneno tu. "Hakiingii kwangu. Bora nirudi Mwanza kwa miguu."

Koleta angeweza kuliacha jambo likaishia hapo. Angeandika tisini na nane, mkono wake ulikuwa umeshaizoea. Lakini huyu alikuwa mtu wa kwanza katika wiki nane ambaye hakumnyang'anya kipimajoto. Alikuwa amekikataa tu, na kukataa ni jambo ambalo muuguzi anaweza kulishughulikia.

"Basi tuweke kwapani, Mama."

Hilo Maniben hakuliona baya. Wakangoja dakika tano, bibi kizee akiwa amebana mkono ndani ya matabaka yote yale, Kanji akipiga kelele kizuizini kuuliza kuna nini. Koleta akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga. Tisini na tisa nukta nne.

Masista walimfundisha hivi: joto la kwapani ongeza digrii moja, ndipo ulilinganishe na la kinywani. Fomu ya Daktari ilikuwa na nafasi ya namba moja na haikutaja kwapa. Koleta angeweza kuandika alichokiona. Akaandika alichofundishwa, kwa wino, kwa mwandiko mzuri: mia moja nukta nne.

Daktari alikuja na gari lake, akasimama hatua kumi, akaisoma fomu. Maniben alikuwa ameshaketi kivulini bila shali, amepoa, anajipepea kwa bahasha. Koleta akampima tena. Tisini na saba na nusu.

"Amepona, Bwana," alisema Koleta.

"Waraka unasema joto la kushuka," alisema Daktari, "si joto la kukaa. Na wewe umemgusa."

"Mabwana wale wamekaa naye kiti kwa kiti tangu Mwanza."

"Wako tisini na nane. Umeandika mwenyewe."

Ndivyo Koleta alivyoingia karantini pamoja na mgonjwa wake wa kwanza. Karantini yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mapipa ya petroli pembeni mwa uwanja, limezungushiwa uzio wa miti na waya, na mlangoni akawekwa askari mmoja, Shomari, mtu wa maagizo. Agizo lake lilikuwa moja: mtu yeyote asiwasogelee wanawake hawa chini ya hatua kumi. Chakula kiliwekwa kwenye jiwe, Shomari akarudi nyuma, nao wakakifuata. Kila asubuhi na jioni Koleta alimpima Maniben, akajipima mwenyewe, akajaza fomu mbili na kuzibana kwenye ufito uliopasuliwa ncha, Shomari akazipokea kwa mbali na kuzipeleka kwa karani wa Daktari. Zote zilikuwa tisini na nane. Safari hii zilikuwa za kweli.

Siku ya kwanza hawakusemezana. Maniben alikula chakula chake kutoka kwenye makopo yaliyoletwa na Kanji, amempa mgongo. Koleta alikula ugali na mlenda aliouleta Ambrosi. Asubuhi ya pili Koleta alipokuwa anafagia alinung'unika kwa Kinyamwezi, akisema mambo fulani kuhusu wazee wanaopanda ndege na blanketi. Nyuma yake sauti ikamjibu kwa Kinyamwezi safi kwamba blanketi hilo lilikuwa shali, tena la bei.

Ufagio ukamwanguka.

"Mwangaluka," alisema Maniben, akimwamkia kama mtu anayeanza siku upya. "Wewe wa wapi?"

"Wa Lusu, Mama."

"Lusu! Nimekaa Lusu miaka kumi na moja. Duka letu lilikuwa karibu na lambo. Bibi yako nani?"

"Josepha."

"Josepha mfupi? Aliyekuwa akipima kaniki kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hakuuamini wangu?"

"Ndiye huyo."

"Mkono wake ulikuwa mrefu kuliko yeye," alisema Maniben. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, na Koleta naye akacheka, na tangu hapo wakaanza kupeana habari za watu wa Lusu, nani amekufa, nani ameoa, nani alikimbia na mke wa nani. Chakula kila mtu alikula chake, lakini sasa walikula wametazamana.

Tarehe ya harusi ilikuwa imewekwa na kasisi wao kwa kuangalia nyota, na nyota hazikusoma waraka. Ijumaa Jasoda akaolewa. Lakini hawezi kwenda kwa mumewe bila baraka za bibi aliyemlea baba yake, kwa hiyo Kanji akapanga kwamba baada ya sherehe watampeleka biharusi mpaka uwanja wa ndege, apokee baraka kwa mbali. Na kwa kuwa mji mzima ulikuwa umeshasikia habari za bibi aliyekamatwa na joto la angani, mji mzima ukafuata.

Walifika saa kumi jioni. Lori mbili, wapiga ngoma, wanawake wa Kanyenye wamevaa dhahabu, watu wa Mtendeni, watoto wasio na idadi. Wasafiri waliokuwa kisimani wakaona ngoma inapita, wakaacha mizigo yao wakaja kutazama. Shomari akaona maagizo yake yamo hatarini. Akafunga kamba hatua kumi kutoka kwenye uzio, akatembea mbele yake na rungu.

"Hatua kumi! Sogeeni nyuma ya kamba! Kaeni pamoja huko! Bananeni!"

Watu wakabanana. Mbele palikuwa na uwanja mtupu wa hatua kumi, safi kabisa, uliowalinda dhidi ya wanawake wawili wazima. Nyuma ya kamba watu mia tatu walibanwa kama kuni kwenye mzigo, bega kwa bega, pumzi kwa pumzi.

Jasoda akainama kwenye kamba, mikono imejaa hina. Maniben akainua viganja vyake huku analia, akarusha mchele ambao haukufika hata nusu ya njia. Kanji akaamuru sinia za ladu na jalebi, vitamu vya harusi, zipite kwa watu wote, asiachwe mtu, hata wapita njia. Zikapita mkono kwa mkono.

Koleta alikuwa akimtafuta Ambrosi kwa macho. Alimwona, amesimama karibu na mwisho wa kamba na kapu la ugali. Begani kwake alikuwa ameegemea mwanamume mmoja, msafiri, amejitanda shuka mpaka puani katika joto lile. Mtu huyo alionekana amechoka sana. Sinia ilipofika mwisho lilibaki ladu moja tu. Ambrosi akalivunja, akampa yule mtu nusu. Mkono ulipotoka ndani ya shuka kulipokea, Koleta akaona kifundo chake kimejaa malengelenge.

Akapiga kelele. Lakini ngoma ilikuwa kubwa, na watu walidhani anashangilia harusi. Ambrosi akampungia mkono.

"Shomari! Yule mtu mwenye shuka, mkamate! Ana ndui!"

Shomari akageuka polepole. "Mimi nimewekwa kwa walio ndani ya uzio, mama. Wa nje si wangu."

Koleta alikimbia ndani, akachukua fomu, akaandika: msafiri, mwanamume, ana malengelenge mkononi, amesimama katikati ya watu, atafutwe upesi. Akaibana kwenye ufito. Wakati Shomari anaipokea, yule mtu alikuwa ameshajitwika mzigo wake na kuondoka. Siku chache baadaye alikutwa hoi karibu na stesheni ya Igalula.

Daktari alikuwa ameondoka asubuhi hiyo hiyo kwenda Nzega, kufuatilia fununu ya ndui kwenye kiwanja kingine cha ndege. Fomu ikamfikia karani wake, Nikolaus, kijana mwangalifu aliyekuwa na hati nzuri kuliko ya Daktari. Kesho yake ilirudi imebanwa kwenye ufito ule ule. Chini yake Nikolaus alikuwa ameandika: "Fomu hii ni ya abiria wa ndege. Tafadhali taja ndege aliyoshuka."

Ambrosi alipoleta chakula mchana, Koleta alisimama kwenye uzio akampigia kelele kutoka hatua kumi.

"Ambrosi! Wewe ulichanjwa?"

"Nilipokuwa mdogo walikuja wachanjaji. Nikakimbilia porini siku mbili." Alisema kama mtu anayejisifu.

"Nenda sasa hivi ukachanjwe. Usipitie nyumbani. Ukiwahi ndani ya siku mbili tatu inasaidia. Nakuomba."

Alimwona usoni kwamba hafanyi mzaha, akaenda. Jioni alirudi na kapu.

"Wanasema chanjo iliyobaki imewekwa kwa abiria wasio na cheti. Nikolaus ana ufunguo. Amesema nipande ndege kwanza."

Alicheka. Koleta hakucheka. Maniben, aliyesikia yote, alimwita Kanji siku iliyofuata na kumfokea Kigujarati mpaka Shomari akasogea nyuma hatua mbili zaidi. Kanji akaenda kwa Nikolaus na maneno matamu, akarudi na kichwa chini. Karani yule hakuwa mla rushwa. Alikuwa mwaminifu, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Siku zikapita. Kila mchana Koleta alimkagua mumewe kwa macho kutoka hatua kumi, akamwambia ageuke, ainue mikono, atoe ulimi. Wapita njia walidhani ni mchezo wao. Siku ya kumi na tatu hakuja. Alikuja jirani yao, Apolinaria, na ugali uliofunikwa kwa sahani.

"Ambrosi ana homa kidogo," alisema. "Malaria tu. Mgongo unamwuma."

Koleta akashika waya wa uzio. Mgongo. Masista walisema ndui huanza na mgongo.

Siku ya kumi na nne ilikuwa siku ya kutoka. Lakini hati ya kutoka ilitaka saini ya Daktari, na Daktari alikuwa bado Nzega. Koleta alimwomba Shomari, akampigia magoti, akamwambia yeye amechanjwa, ni mzima, mumewe anakufa. Shomari alikuwa na machozi machoni, lakini hakutoka mlangoni. Maniben alimshika Koleta mabegani akamketisha, na kwa mara ya kwanza akampa chakula kutoka kwenye kopo lake mwenyewe, kwa mkono wake.

"Kula," alisema. "Utahitaji nguvu huko uendako."

Daktari alifika siku ya kumi na saba. Hakuwa amenyoa, macho yamevimba. Alikuwa amerudi jana yake baada ya kusikia kwamba ndui imeingia Tabora, na tangu hapo yeye na madresa wake walikuwa wamechanja watu mia tatu. Sasa hata Nikolaus alichanja. Akawapima wanawake wote wawili, na safari hii hakusimama mbali.

"Ninyi ndio watu wazima kuliko wote hapa mjini," alisema. "Nina wagonjwa kumi na mmoja. Wote wananiambia walikuwa kwenye harusi. Harusi gani hii?"

Koleta akampa ile fomu iliyorudishwa. Daktari aliisoma pale kwenye jua. Akayasoma maneno ya Nikolaus pia. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akasaini hati zao mbili: hana ugonjwa, hana ugonjwa.

"Usiende Mtendeni," alimwambia Koleta. "Mtaa wenu umefungwa."

Koleta alienda Mtendeni. Mwanzo wa mtaa palikuwa na kamba nyingine na askari mwingine, Mfaume. Akamwonyesha hati yake.

Mfaume akaisoma kwa shida. "Hii inasema huna ugonjwa."

"Ndiyo."

"Basi huwezi kuingia. Wazima hawaingii, wagonjwa hawatoki."

"Mume wangu yumo."

"Kwa nini usiseme mapema kama unaumwa?" alisema Mfaume, na Koleta hakujua kama alisema kwa ujinga au kwa huruma.

Akarudi nyuma mpaka kwa mama mmoja auzaye chai barabarani, akaomba kikombe, akaingoja ipoe ikawa vuguvugu, maana kioo kikipata chai ya moto kingepasuka. Akatumbukiza kipimajoto. Zebaki ikapanda. Akatoa fomu, ya mwisho katika bunda, akajiandika jina lake, tarehe, na joto: mia moja na mbili. Akatia saini mahali pa mpimaji. Akampelekea Mfaume kipimajoto na fomu pamoja. Mfaume alipoona ile namba aliruka nyuma na kuinua kamba kwa ncha ya rungu.

Ambrosi alikuwa amelala kwenye benchi lake la useremala kwa sababu kitanda kilikuwa kinamchoma. Uso wake haukuwa na mahali pa kubusu. Koleta alikaa naye siku ishirini na mbili, akimnywesha uji kwa kijiko, akimpangusa, akimfunga mikono kwa vitambaa asijikune, na katikati ya hayo akahudumia nyumba nyingine sita za mtaa ule. Apolinaria alikuwa nyumba ya tatu. Alifariki siku ya tisa, sahani ya Koleta, ile aliyofunikia ugali, ikiwa bado kwenye rafu yake. Mjini kote walikufa wanne: Apolinaria, mpiga ngoma mmoja, na wasaidizi wawili wa duka la Kanji. Jasoda alikuwa amechanjwa na hakupata hata upele.

Ambrosi akaishi. Uso wake ulibaki na vishimo, na jicho la kushoto likaingia ukungu, kwa hiyo sasa alipopiga randa aliinamisha kichwa upande mmoja.

Jambo moja halikumwacha Koleta alale vizuri. Mtaa ulipofunguliwa alikwenda Kanyenye, akamkuta Maniben amekaa ndani ya duka la Kanji, kati ya majora ya nguo, akaomba kusema naye.

"Mama, joto lako halikuwa mia. Lilikuwa tisini na tisa na kidogo. Digrii moja niliiongeza mimi."

Maniben alimtazama. "Kwa nini?"

"Nilifundishwa hivyo. Na pia nilitaka..." Alitafuta neno. "Nilitaka angalau mmoja awe na kitu."

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya khanga na hakujibiwa.

"Usingeiongeza," alisema hatimaye, "harusi ingekuwa hapa. Watu mia tatu wale wale, kwenye uchochoro huu. Labda yule mtu angepita. Labda angekaa pale kisimani akaenda zake. Mimi sijui, na wewe hujui." Akakunja nguo iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Mmoja wa vijana waliokufa alikuwa ananiita bibi. Sitakuambia si kitu."

"Sikuja uniambie si kitu."

"Najua. Ndiyo maana nimekukaribisha ndani. Kaa, unywe chai."

Baadaye ilikuja barua kutoka makao makuu. Nikolaus mwenyewe alimsomea Koleta kwa sauti ndogo, hakumtazama usoni. Ilimpongeza Daktari wa Tabora kwa utekelezaji mwema wa waraka, kwa kuwa hakuna mgonjwa hata mmoja wa ndui aliyeingia mjini humo kwa ndege. Ilikuwa kweli tupu. Ilisema pia kwamba uwanja ungepata kipimajoto cha pili.

Daktari alikuwa amepeleka ripoti mbili. Ya ndege ndiyo iliyojibiwa. Ya pili, kuhusu njia ya misafara, iliyokuwa na kurasa tisa na ile fomu ya Koleta imebandikwa mwishoni, haikujibiwa mwezi ule wala uliofuata. Asubuhi moja alimwita Koleta, akaweka mezani sanduku la chanjo lililofungwa kwa magunia mabichi lisipate joto.

"Hili halina waraka," alisema. "Ukiulizwa, sema umelikuta."

Koleta akamwomba Ambrosi amtengenezee meza ya kukunja na kiti kimoja. Akavipeleka kisimani siku ya Jumatatu, jua likiwa bado chini. Kundi la kwanza lilipotokea, watu kama ishirini na mizigo kichwani, lilimwona na gauni lake jeupe likagawanyika mara moja, nusu wakachepuka vichakani. Nusu wakabaki kwa sababu walikuwa na kiu. Alichota maji, akawapa, hakuwaambia kitu mpaka walipomaliza kunywa.

Mwanamke mmoja Mha, mtu mzima, mwenye mtoto mgongoni na jembe begani, akamsogelea akakitazama kisindano.

"Kinauma?"

"Kinauma," alisema Koleta. "Siku mbili mkono utakuwa mzito."

Mwanamke akafikiri. Akatua jembe, akamtoa mtoto mgongoni, akamkalisha mezani, akaukunjua mkono wake mdogo na kuushikilia.

"Anza na huyu," alisema.